Kioo Nyuma ya Kiota

Hondohondo jike anapotaka kutaga hujifungia ndani ya tundu la mti. Mlango huzibwa, ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo, na dume humlishia hapo kwa wiki kadhaa. Mpiga picha atapenya wapi? Alan Root, mpiga filamu Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1937 na kukulia Kenya, alizunguka nyuma. Yeye na mkewe Joan walilifungua tundu la mbuyu upande wa pili, wakaweka kioo pale palipokuwa ukuta wa kiota. Mama yule akaendelea na malezi yake huku kamera ikimtazama.

Nikizipitia filamu zilizoandaliwa kutoka Kilimandege, makao yao kando ya Ziwa Naivasha, naona swali moja likitangulia kila kazi: kamera ikae wapi? Walipowafuata nyumbu wanaohama, Root aliificha kamera ndani ya gamba la kobe na kuiacha njiani. Kwato zinakujia usoni kama unavyoziona ukiwa umelala chini. Kisha anakupandisha kwenye puto la hewa moto, na kundi lilelile linakuwa mstari mrefu mweusi juu ya nyasi. Ni picha mbili tu, ya chini na ya juu, lakini zinaeleza uhamaji vizuri kuliko maneno ya msimulizi. Kazi yao ilitambuliwa pia: filamu yao ya mchwa na vichuguu, Mysterious Castles of Clay ya mwaka 1978, iliteuliwa kuwania Oscar.

Lakini anayemsifu Alan peke yake amesifu nusu ya kazi. Joan, mzaliwa wa Nairobi, aliolewa naye mwaka 1961, na yeye ndiye aliyepanga safari, akalea wanyama yatima na kuhakikisha kila kitu kipo kabla kamera haijawashwa. Hata hatari waligawana: mwaka 1974, katika chemchemi za Mzima, kiboko alitoboa barakoa ya kuzamia ya Joan kwa jino, kisha akamng'ata Alan mguuni.

Picha ninayoirudia zaidi ni ya swila. Nyoka huyu hulenga macho, kwa hiyo ili arushe sumu alihitaji uso wa mtu. Joan alivaa miwani, akamsogelea, akatulia. Swila akainua shingo. Sumu ikamrukia usoni, ikatapakaa kwenye vioo, naye hakurudi nyuma hata hatua moja, maana Alan alikuwa bado anapiga picha.