Sauti kati ya rafu: kuhusu jioni za usomaji katika duka la vitabu

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta chini ya neno «uhakiki» kitabu kinachochambuliwa, wala si jioni. Tunaomba hata hivyo ruhusa ya kuhakiki safari hii jambo ambalo si kitabu, ingawa linatendeka katikati ya vitabu: yaani mwandishi anayealikwa katika duka la vitabu la mji ili asome kazi yake mbele ya watu. Wanaolisifu jambo hilo husema kwamba linaikaribisha fasihi kwa umma. Wanaolidharau husema kwamba ni ujanja wa mwuza vitabu, ambaye hana njia nyingine ya kuondoa mzigo rafuni. Wote wawili wana haki kidogo, lakini hakuna kati yao anayejiuliza ni nini hasa kinachotokea maandishi yanapopita kinywani. Kwa kuwa hilo ni swali la lugha, tunadhani linaangukia katika kazi ya idara kama yetu.

Mfano unaotajwa sana ni wa barabara ya Odéon, mjini Paris. Namba 7 ya barabara hiyo, Adrienne Monnier alifungua mwaka 1915, vita vikiendelea, duka aliloliita La Maison des Amis des Livres, kwa fedha za fidia ambazo baba yake alilipwa baada ya ajali ya gari la moshi. Rafiki yake Sylvia Beach, Mmarekani, alifungua duka la vitabu vya Kiingereza, Shakespeare and Company, mwaka 1919 katika mtaa wa jirani; mwaka 1921 akalihamishia namba 12, karibu kutazamana na lile la Monnier. Maduka hayo hayakuwa ya kampuni kubwa, wala ya serikali, wala ya misheni, tofauti na mengi tuliyoyajua sisi tangu utoto wetu. Yalikuwa ya wanawake wawili waliosoma walichokiuza. Tena hayakuishi kwa kuuza tu. Yote mawili yaliazimisha vitabu kwa ada, na Hemingway, alipofika huko akiwa kijana asiye na kitu mfukoni, aliruhusiwa na Beach kuchukua vitabu kabla hajalipa. Tunalitaja hilo mapema kwa sababu, kwa maoni yetu, usomaji wa hadharani ni ndugu wa kuazimisha: wote wawili ni kumpa kitabu mtu asiyeweza kukinunua.

Tarehe 7 Desemba 1921, watu wapatao 250 walijisonga katika duka la Monnier ili wasikie habari za kitabu cha James Joyce kiitwacho Ulysses. Kitabu chenyewe hakikuwapo bado. Beach alikitoa tarehe 2 Februari 1922, nakala 1000, na sehemu zake zilizokwisha kuchapishwa katika gazeti huko Marekani zilikuwa zimehukumiwa mahakamani mjini New York mwaka ule ule wa 1921. Waliokuja walionywa katika karatasi ya mwaliko kwamba wangesikia maneno ya ujasiri usio wa kawaida. Valery Larbaud alieleza kazi hiyo kwa Kifaransa. Vipande vilisomwa kwa Kifaransa, katika tafsiri iliyotengenezwa kwa ajili ya jioni hiyo na kijana Jacques Benoist-Méchin, akisaidiwa na mshairi Léon-Paul Fargue. Kisha mwigizaji Mmarekani, Jimmy Light, akasoma kwa Kiingereza. Na Joyce? Alikuwapo, lakini amejificha nyuma ya kiwambo, mpaka Larbaud alipomtoa na kumkumbatia mbele ya watu, naye akaona haya.

Yafaa kusimama hapa, maana sisi tumezoea kinyume chake. Katika jioni hiyo mwandishi hakusoma wala hakusimulia maisha yake. Hakuulizwa anaamka saa ngapi kuandika. Kilichowekwa mezani kilikuwa maandishi, magumu, yanayoshukiwa, na watu wengine ndio walioyabeba kwa sauti zao. Wafaransa waliokaa pale, wengi wao bila kukijua Kiingereza sana, walipewa tafsiri ili wafuate, lakini hawakunyimwa mlio wa lugha ambayo kitabu kiliandikwa. Hakuna aliyedhani kwamba lugha ya pili ilikuwa ya kujazia nafasi tu.

Tusiipambe barabara ya Odéon kupita kiasi. Miaka kumi na mitano baadaye, biashara ya Beach ilipokuwa karibu kufa, André Gide na wenzake waliunda chama cha marafiki wa duka. Waliolipa mchango wa mwaka waliruhusiwa kuingia kusikiliza waandishi. Gide mwenyewe alisoma, Paul Valéry akasoma, T. S. Eliot akaja kutoka London mwaka 1936, na mwaka 1937 Hemingway, ambaye hakupenda kabisa kusoma mbele ya watu, alikubali kwa sharti kwamba Stephen Spender asome naye. (Tunakiri kwamba woga huo wa Hemingway unatupendeza kuliko ushujaa wa wengi.) Duka liliokolewa kwa muda, hata Desemba 1941 lilipofungwa chini ya utawala wa Wajerumani. Hata hivyo tunaona tofauti kati ya jioni ya 1921 na zile za 1936. Ile ya kwanza ililitumikia andiko ambalo halikuwa na jina. Hizi za pili zilitumia majina makubwa kulitumikia duka. Hatulaumu: kodi ya nyumba hailipwi kwa sifa. Lakini jioni zetu za leo zimezaliwa na 1936 zaidi kuliko 1921.

Sasa turudi kwetu. Mwaka jana tulihudhuria usomaji katika duka moja la hapa Lubumbashi, ambalo hatutalitaja, maana tunayoyasema yangeweza kusemwa juu ya duka lolote. Viti vya plastiki vilipangwa kati ya rafu, watu kama arobaini hivi, wengi wanafunzi. Jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta, na kipaza sauti ambacho katika chumba kidogo namna ile hakikuwa na kazi isipokuwa kuonyesha nani ni mgeni wa heshima. Mwandishi, mtoto wa mji huu, alikuwa ametoa riwaya kwa Kifaransa huko Ulaya. Alitambulishwa kwa dakika ishirini. Akaeleza safari yake ya maisha karibu saa nzima. Kisha akafungua kitabu na kusoma kurasa mbili. Mbili tu. Tulihesabu.

Katika kurasa hizo, mwalimu ambaye hajalipwa mshahara anamwendea mama muuza unga sokoni, akimwomba amkopeshe mpaka mwisho wa mwezi. Mama anakataa. Katika riwaya anakataa kwa sentensi nzuri ya Kifaransa, ndefu, yenye hali ya masharti iliyofuata sarufi bila kosa. Watu walisikiliza kwa adabu. Ukafika wakati wa maswali, nao, kama ilivyo desturi, ulikuwa wakati wa hotuba, mpaka mwanafunzi mmoja wa nyuma, msichana, akauliza: «Papa, ule mama alisemaka namna gani, ya kweli?»

Mwandishi alicheka, akafunga kitabu, akasema: «Miye siko Leta, papa. Lipa leo.»

Chumba kizima kiliripuka. Walicheka wanafunzi, walicheka zaidi waalimu, ambao wanajua maana yake mifukoni mwao: Leta ndiyo inayoweza kukaa na deni la watu bila kuulizwa, si mimi mwenye gunia moja la unga. Mwenye kulichambua neno hilo ataona utajiri wake. Limetoka katika Kifaransa, l'État, likaingia kinywani mwa watu tangu enzi ya ukoloni, likawa jina la yule anayeamuru, anayetoza na asiyelipa. Msemaji wa Kiswahili cha pwani atasikia ndani yake amri ya kuleta kitu, na kwa bahati mbaya hatakuwa amekosea sana. Neno moja la silabi mbili lilibeba historia ambayo sentensi ile ndefu ya Kifaransa haikuibeba. Mwandishi alikiri mbele yetu kwamba hilo ndilo neno aliloanza nalo katika daftari, kisha akaliondoa akihofia wasomaji wa mbali.

Mwenzetu mmoja wa idara ya Kifaransa alituambia baadaye kwamba tunafanya haraka. Riwaya, alisema, si rekodi ya soko; mwandishi ana haki ya kuchagua lugha, na mama wa kitabuni ni mtu wa kitabuni. Tunakubali. Hatudai kwamba kila aandikaye Lubumbashi aandike kwa Kiswahili, na tunajua nani anachapisha na nani ananunua. Lawama yetu iko mahali pengine. Duka lilikuwa na watu arobaini ambao wote, bila ubaguzi, walikuwa na lugha ya yule mama; hawakuwa wasomaji wa mbali; na hata hivyo jioni nzima iliendeshwa kana kwamba wasomaji wa mbali ndio waliokaa kwenye viti vile. Ilihitajika swali la mtoto wa watu, tena mwishoni, ili andiko lijaribiwe. Bila swali hilo tungalirudi nyumbani tukisema kwamba usomaji ulikuwa mzuri.

Kwamba sauti huweza kufungua andiko, sisi wa Lubumbashi tungepaswa kulijua kabla ya wengine. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu, alikusanya historia ya mji huu katika Kiswahili cha hapa, akaiita Vocabulaire ya mji wa Elisabethville. Maneno yameandikwa bila kufuata kanuni za tahajia wala za kutenga maneno, hata macho ya mtaalamu huchoka. Johannes Fabian, aliyeitoa mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, alisaidiwa na Kalundi Mango, aliyeisoma kwa sauti. Na hapo palipokuwa na herufi zilizosongamana pakapatikana usemi wa mtu anayejua anachosema. Beach naye alikuwa ameelewa jambo la namna hiyo alipogharamia, mwaka 1924, santuri ya Joyce akisoma kipande cha Ulysses. Zilitengenezwa 30 tu, si kwa biashara.

Lakini hapa kisu kinatugeukia sisi wenyewe. Kiswahili alichosema mwandishi yule hakikuwa kile tunachofundisha, wala hiki ninachoandika sasa hivi. Miaka miwili iliyopita nilitafsiri hadithi fupi kwa ajili ya wanafunzi wangu, katika Kiswahili sanifu, nikajivunia. Nilipokwenda Katuba kumsalimu mama mzazi, nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa uvumilivu wa mama, akasema: «Ni muzuri, mwanangu, lakini ni Swahili ya mu Biblia.» Sikupata jibu. Tunamlaumu mwandishi kwa kumsemesha mama muuza unga Kifaransa cha shule, na sisi tungemsemesha Kiswahili cha shule. Angeshika gunia lake na kututazama vile vile. Bila shaka lugha sanifu ina kazi yake, hasa ya kutuunganisha na wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi, na hatuna nia ya kuitupa. Ila haijajaribiwa vya kutosha kwa sauti mbele ya watu wa hapa. Kundi la Mufwankolo lilicheza tamthilia kwa lugha ya mji miaka mingi, umma ukafurika; sisi tunachapa kurasa kama hizi, na hatujawahi kuzisoma kwa sauti popote.

Kuna waandishi walioelewa. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1981 na ambaye riwaya yake Tram 83 ilitoka Paris mwaka 2014, anajulikana kwa kusoma kazi zake kama mwanamuziki, mara nyingine akiwa na mpiga saksafoni ubavuni. Wengine wanaona kwamba huo ni mchezo wa jukwaani unaofunika maandishi. Sisi hatuoni hivyo: kitabu chenyewe kimeandikwa kwa marudio na midundo inayoomba kinywa, na anayekisoma kimya anasoma nusu yake. Hata hivyo njia hiyo haimfai kila mtu. Mwandishi mwenye haya asilazimishwe kucheza. Joyce alikaa nyuma ya kiwambo na jioni haikuharibika.

Baada ya usomaji ule tulimwendea mwenye duka na pendekezo. Utambulisho uwe wa dakika tano. Mwandishi asome kurasa kumi, au mwingine amsomee. Mahali penye mazungumzo, yasomwe pia katika lugha ambayo wasemaji wangeyasema, na wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho waitayarishe tafsiri hiyo pamoja na mwandishi wiki mbili kabla, wakikosana naye ikibidi. Anayekosa fedha ya kununua kitabu arudi nyumbani angalau na kurasa kumi masikioni. Mwuza vitabu hakukataa. Aliuliza tu ni nani atakayelipa mafuta ya jenereta, kwa kuwa kusoma katika lugha mbili kunachukua muda mara mbili. Tumepatana kuanza saa tisa mchana, kukiwa bado na mwanga wa dirishani.