Mkusanyaji na Mtunzi: Uhakiki wa Barzaz Breiz

Bretagne, rasi ya kaskazini-magharibi ya Ufaransa, ina lugha yake yenyewe, Kibretoni, iliyo ya jamii ya lugha za Kikelti pamoja na Kiwelshi. Haiba ya pwani hiyo ilienezwa Ulaya kwa kiasi kikubwa na kitabu kimoja: Barzaz Breiz, mkusanyiko wa nyimbo uliotolewa mwaka 1839 na Théodore Hersart de La Villemarqué, kijana wa ukoo wa kikabaila. Swali lililokiandama kitabu hicho ni hili: je, isikikayo humo ni sauti ya wanavijiji, au ni ya bwana huyo?

Tuutazame wimbo wa Ker-Is, mji uliozama. Dahut, bintiye mfalme Gradlon, amwibia baba yake ufunguo wa milango izuiayo bahari. Maji yaingia, mji waangamia. Kisa hiki hakikubuniwa na La Villemarqué, kwani Albert Le Grand alikuwa amekwisha kukiandika mwaka 1637. Lakini lugha ya kitabu yatia shaka. Mwimbaji wa kijijini huchanganya maneno ya Kifaransa bila haya; katika Barzaz Breiz maneno hayo yamefagiliwa, na Kibretoni kimetakaswa hata kikapoteza harufu ya mdomo.

Mwaka 1872 François-Marie Luzel alimshutumu hadharani. Yeye Luzel alipendelea kuzichapa nyimbo kama alivyozisikia, akitaja waimbaji wake, miongoni mwao Marc'harid Fulup, mwanamke fukara aliyehiji makanisani kwa niaba ya wengine. Hata hivyo shutuma hizo zilipita kiasi. Mwaka 1964 Donatien Laurent alivipata vitabu vya mkono vya La Villemarqué, na uchunguzi wake, uliochapishwa mwaka 1989, ulithibitisha kwamba nyimbo nyingi zilikuwa zimekusanywa kweli kutoka vinywani mwa watu.

Basi La Villemarqué hakuwa mwongo mtupu. Kosa lake ni kwamba alitunga pale alipodai kukusanya, wala hakumwonyesha msomaji mahali mshono ulipo. Wako wamteteao kwa kusema kuwa Kibretoni kilidharauliwa; na ni kweli kwamba baadaye watoto walivishwa kiatu cha mti shingoni kwa kukisema shuleni. Utetezi huo una uzito, lakini hautoshi. Heshima inayopatikana kwa kumfuta mwimbaji na kumpamba upya ni heshima ya mkusanyaji, si ya mwimbaji. Chema chajiuza: nyimbo za Marc'harid Fulup, na maneno yake ya Kifaransa humo humo, hazikuhitaji kutakaswa.

Funzo hili lamhusu kila achukuaye daftari au kinasa sauti kwenda kutafuta ngano za wazee. Ana ruhusa ya kutunga. Hana ruhusa ya kuficha kwamba ametunga.