Roketi ina sharti la kusimama. Kilosa je?

Msomaji, unakumbuka tarehe 27 Mei 2020, kule Florida? Wanaanga wawili walishafunga mikanda ndani ya chombo cha SpaceX. Zikiwa zimebaki kama dakika 17, zoezi likaahirishwa: ilihofiwa roketi ingechochea radi. Siku tatu baadaye ikaruka salama.

Hofu hiyo ina historia. Tarehe 14 Novemba 1969 Apollo 12 iliruka kwenye mawingu ya mvua, ikapigwa na radi mara mbili ndani ya dakika moja ya kwanza. Leo masharti yanajulikana mapema: kwa mfano, radi ikipiga ndani ya kilomita 18 hivi, mnasubiri dakika 30. Kwa hiyo mtabiri hasemi tu "kutakuwa na mawingu". Anataja uwezekano, kwa asilimia, wa masharti hayo kuvunjwa.

Sasa njoo kwetu. Utabiri wa msimu unakuja na maneno "mvua za wastani hadi juu ya wastani". Kitakwimu hayana kosa. Ila mkulima wa Kilosa afanye nini nayo? Angalizo na tahadhari za TMA ni bora zaidi, kwa sababu zinataja uwezekano na athari, kama makazi kuzungukwa na maji. Hapo wanastahili sifa. Lakini ujumbe unaotufikia kwenye simu mara nyingi husema "baadhi ya maeneo ya mkoa wa Morogoro", basi.

Mkoa ni mkubwa mno kwa kazi hiyo. Mvua inaweza kukulowesha Mikumi na Mto Mkondoa usijae. Na unaweza kukaa Kilosa mjini chini ya anga jeupe huku maji yanakuja, maana mto huo hupokea maji kutoka juu, upande wa Mpwapwa na Dodoma, kupitia Kinyasungwe. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulifurika, maelfu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika.

Utasema roketi inaahirishwa, mafuriko hayaahirishwi. Kweli kabisa, na ndiyo maana uamuzi wetu unatakiwa uwe tayari mapema kuliko wao: maji yakifika alama fulani kule juu, wa mabondeni wanahama, treni inasimama. Ujumbe utaje mto na alama hiyo, usiishie kwenye mkoa.

Na sisi tunaosoma tuna kosa letu. Tukiambiwa uwezekano ni asilimia 70 na mvua isinyeshe, tunasema "TMA waongo". Jamani, asilimia 70 maana yake katika siku kumi za namna hiyo, tatu hivi hainyeshi! Florida wanaahirisha, jua linawaka, na kesho yake wanamsikiliza mtabiri yuleyule. Ukihama bure mara tatu, ya nne bado uhame.