Majaribu na Makuzi: Mateso ya Mkristo katika Riwaya Mbili za Nairobi

Neno "majaribu" limebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili cha Kikristo. Katika Biblia ya tafsiri ya Muungano linatumika kwa dhiki inayoipima imani, na pia kwa ushawishi unaomvuta mtu aingie dhambini. Wakatoliki wameitenga maana hii ya pili kwa neno "kishawishi" katika Sala ya Bwana, ilhali Waprotestanti wengi wamebaki na "majaribu". Mswahili wa pwani aliyelelewa katika Uislamu angesema "mtihani", na mtihani hauwi bila mtahini. Utata huu si wa msamiati tu. Mlango wa kwanza wa Waraka wa Yakobo unawataka waumini wayafurahie majaribu kwa kuwa imani iliyopimwa huzaa subira, na subira humkamilisha mtu. Hata hivyo, aya chache baadaye, kwa mzizi ule ule wa neno, Yakobo anamkataza mtu kudai kwamba anayemjaribu ni Mungu. Kwa hiyo jaribu laweza kumkomaza aliyejaribiwa, lakini haijuzu kumtwika Mungu kila jaribu.

Mvutano huo ndio unaochunguzwa hapa kupitia riwaya mbili ambazo Nairobi ina nafasi kubwa ndani yake: *Coming to Birth* (1986) ya Marjorie Oludhe Macgoye na *Shetani Msalabani* (1982) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka kwanza kwa Kikikuyu mwaka wa 1980 kwa jina la *Caitaani Mũtharaba-inĩ*. Ni rahisi kuziweka riwaya hizi katika ncha mbili, ya kwanza ikawa ya Kikristo na ya pili ya kimapinduzi, kisha zikaachwa zitazamane kwa mbali. Makala haya yanashikilia kwamba zinakutana katika jambo moja la msingi: hakuna hata moja inayokubali kwamba mateso yenyewe humjenga mtu. Kinachojenga ni kile ambacho mteswa anakipata katikati ya mateso, yaani elimu, kazi na wenzake. Zinapoachana ni katika swali la nani aliyeleta mateso hayo, na afanywe nini.

Misheni, shule na msafiri

Fundisho la majaribu lilifika Nairobi likiwa na makao. Magharibi mwa mji, Wamisheni wa Kiskoti walijenga kituo chao Thogoto mwaka wa 1898. Mwaka uliofuata, Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni ya Mtakatifu Austin mahali ambapo leo ni mtaa wa Lavington. Shule ya Upili ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926, na humo Ngũgĩ alisoma kuanzia 1955 hadi 1958, wakati Hali ya Hatari ingali inaendelea nje ya ua wa shule. Kumbukumbu zake za miaka hiyo, zilizochapishwa mwaka wa 2012, alizipa jina la *In the House of the Interpreter*, nyumba anayopitia Mkristo katika *The Pilgrim's Progress* ya John Bunyan.

Jina hilo ni ufunguo mzuri. Kitabu cha Bunyan, kilichosambazwa na wamisheni katika lugha nyingi za Kiafrika, kiliwapa wasomaji ruwaza iliyo wazi: msafiri anaondoka kwake, anapitia tope, mabonde na majaribu, na kila kituo kinamwongezea maarifa hadi afike mji wa mbinguni. Ruwaza hiyo ya safari imo katika riwaya zote mbili zinazohakikiwa hapa. Paulina wa Macgoye anaingia Nairobi kwa garimoshi. Wariinga wa Ngũgĩ anatoka Nairobi kwa matatu. Tofauti kubwa na Bunyan ni kwamba mji wanaoujua wasafiri hawa si mji wa mbinguni. Ni Nairobi, ambayo serikali ya kikoloni iliigawa kwa rangi, Wazungu wakakaa magharibi na kaskazini, Waafrika wakasongamanishwa mashariki, Pumwani, Kariokor na Shauri Moyo.

Waandishi wenyewe walikuwa na misimamo tofauti kuhusu Kanisa. Macgoye alizaliwa Uingereza mwaka wa 1928, akaja Kenya mwaka wa 1954 akiwa mmisheni wa kuuza vitabu, akaolewa katika jamii ya Waluo, akawa raia wa Kenya na kubaki Mkristo hadi kifo chake mwaka wa 2015. Ngũgĩ, aliyefariki mwaka wa 2025, aliuambia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki jijini Nairobi mnamo Machi 1970 kwamba yeye si mtu wa Kanisa, wala si Mkristo. Miaka minane baadaye, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufunguliwa mashtaka, aliandika riwaya ambayo haiwezi kusomwa vyema na mtu asiyeijua Biblia.

Paulina: wakati wa kuzaliwa

Paulina anafika Nairobi mwaka wa 1956 akiwa na umri wa miaka 16, kumfuata mumewe Martin. Muda si muda mimba yake inaharibika. Anapotoka hospitali anapotea njia katika mji asioujua, na anapompata mumewe hatimaye, anapokewa kwa kipigo. Mimba nyingine zinaharibika. Ndoa inalegea. Mtoto anayempata baadaye nje ya ndoa hiyo, Okeyo, anauawa kwa risasi Kisumu mnamo Oktoba 1969, siku ambayo ziara ya Rais Kenyatta iliishia kwa polisi kuufyatulia umati risasi. Hadithi inaishia mwaka wa 1978, Paulina na Martin wakiwa wamerudiana Nairobi, naye akiwa mjamzito tena.

Kwa muhtasari huu, riwaya inaweza kuonekana kama mfano wa methali isemayo baada ya dhiki faraja. Usomaji wa namna hiyo unaipunja. Kwanza, Macgoye hakipi kifo cha Okeyo maelezo yoyote ya kiroho. Hakuna mhusika anayeruhusiwa kusema kwamba mtoto alichukuliwa ili mama akomae, na msimulizi hasemi hivyo pia. Kifo hicho kinawekwa mahali pake katika historia ya taifa, na waliofyatua risasi hawageuzwi kuwa malaika wa Mungu. Pili, Paulina anapokua, msomaji anaona anakulia wapi. Anakulia katika mafunzo ya ufundi wa nyumbani, katika kazi ya kuwafundisha wanawake wenzake Kisumu, katika mshahara anaoupata mwenyewe, na katika nyumba ya mbunge anamofanya kazi Nairobi na kuanza kuzisikiliza siasa kwa masikio yake. Msichana aliyepotea njia mwaka wa 1956 ni mwanamke anayeujua mji mwaka wa 1978, na anaujua kwa kuwa ameutembea.

Jina la riwaya linaithibitisha hoja hii. Linakumbusha ujumbe wa Mfalme Hezekia katika 2 Wafalme 19 na Isaya 37, ambapo siku ya dhiki inafananishwa na watoto waliofikia wakati wa kuzaliwa, ilhali mama hana nguvu za kuwazaa. Picha hiyo haisemi kwamba uchungu huleta mtoto. Inasema kwamba uchungu bila nguvu ni hatari kwa mama na mtoto pia. Mimba zinazoharibika katika nusu ya kwanza ya riwaya ni uchungu usio na nguvu. Zinapata tafsiri yake pale tu nguvu zinapopatikana, baada ya zaidi ya miaka 20. Imani ya Paulina inamshika asianguke, lakini haifanyi kazi peke yake.

Hata hivyo riwaya hii ina udhaifu wake. Kipigo cha Martin hakihukumiwi kwa uzito unaostahili. Anaporudi kwa mkewe, anarudi akiwa amechoka zaidi ya kutubu, na subira ya Paulina ndiyo inayolipa gharama ya maridhiano. Msomaji ana haki ya kuuliza kama subira hii ni tunda la Roho, au ni desturi ya kale ya kumtaka mwanamke avumilie, iliyovikwa joho la Kanisa.

Wariinga: mjaribu anatajwa

Ngũgĩ anaanzia hasa pale Macgoye anapopunguza sauti. Jacinta Wariinga anafukuzwa kazi katika ofisi ya Nairobi kwa kumkataa mwajiri wake, Boss Kihara. Anaachwa na mpenzi wake. Anatupwa nje ya nyumba yake ya kupanga. Tangu usichana, alipotiwa mimba na tajiri mzee wa Ngorika, amewahi kutaka kujiua. Ndani ya matatu ya Mwaura anakutana na wengine walioumizwa na mji huo huo, akiwemo Wangari, aliyepigania uhuru tangu utotoni kisha akashtakiwa Nairobi kwa kuzurura akitafuta kazi. Matatu inaelekea Ilmorog, kwenye shindano la wezi na wanyang'anyi wa kisasa.

Kanisa katika riwaya hii linashiriki katika mateso kwa kuyatakasa. Katika ndoto ya Wariinga, walalahoi wanamsulubisha Shetani, lakini baada ya siku tatu wanaume waliovaa suti wanamteremsha msalabani. Mfano wa talanta unageuzwa pangoni kuwa katiba ya wanyonyaji. Kilele cha tashtiti hii kiko katika uwanja wa gofu wa Ilmorog, ambapo Sauti inamjia Wariinga na kumwahidi mali kama atauza nafsi yake. Mandhari ni ya jangwani, Kristo akijaribiwa, na Sauti hiyo inayajua Maandiko kama mjaribu wa kwenye Injili. Inajua pia kwamba mafundisho ya kugeuza shavu la pili huwafaa sana wanaopiga makofi.

Ni katika tukio hili kwamba uchunguzi wa neno "majaribu" unazaa matunda. Ngũgĩ ameziunganisha tena maana mbili ambazo Wakatoliki walizitenga. Dhiki ya Wariinga na kishawishi chake vinatoka kwa mkono mmoja: wale wale waliomnyang'anya kazi na nyumba ndio wanaomnong'onezea ajiunge nao. Mjaribu ana jina, ofisi na hisa benki. Kwa hiyo, mwandishi aliyetangaza kwamba si Mkristo anaiheshimu aya ya Yakobo inayokataza kumsingizia Mungu kuliko wahubiri wengi wanavyoiheshimu.

Sehemu ya pili ya hadithi inamwonyesha Wariinga miaka miwili baadaye, akiwa amesomea uhandisi na kuwa fundi katika gereji ya Nairobi, ambamo mwanzoni anapokewa kwa kejeli hadi ustadi wake unapowanyamazisha wanaume. Hapa ndipo msuko unapoyumba. Miaka miwili ya kukua inasimuliwa kwa muhtasari. Msomaji anapewa tunda bila kuonyeshwa ua likichanua. Macgoye, kwa mwendo wake wa polepole, anaaminika zaidi katika jambo hili, kwa sababu makuzi yake yana hesabu ya miaka na ya makosa. Wariinga anapompiga risasi tajiri wa Ngorika mwishoni, tendo hilo lina mantiki ya kiitikadi, ila mtu aliyelitenda hatujamfahamu kama tunavyomfahamu Paulina. Hata hivyo Ngũgĩ haifungi safari: Wariinga anaondoka akijua kwamba mapambano magumu zaidi yako mbele.

Nini kiko hatarini

Mjadala huu hauishii darasani. Lavington na Kawangware zimepakana, na Jumapili fundisho moja la subira linaweza kumfikia mwajiri upande mmoja na mtumishi wake upande wa pili. Kwa yule wa kwanza ni faraja ya jumla. Kwa wa pili laweza kuwa amri ya kunyamaza. Kanisa lenyewe limewahi kuliona hilo. Papa Fransisko alipozuru Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, aliisifu hekima na mshikamano wa wakazi wa mitaa ya walalahoi, lakini ukosefu wa maji, ardhi na makazi ya heshima aliuita dhuluma inayotokana na wachache wanaohodhi mali na madaraka. Hakuuita mtihani wa Mungu. Sifa na shutuma zilikaa katika hotuba moja bila kupingana: watu wanaweza kukomaa katikati ya dhuluma, na dhuluma ikabaki dhuluma.

Msimamo huo ndio unaojitokeza riwaya hizi mbili zinaposomwa pamoja. Macgoye akisomwa peke yake, msomaji mvivu atadhani kwamba uvumilivu unatosha. Akisomwa Ngũgĩ peke yake, atadhani kwamba kumtaja mjaribu kunatosha, na kwamba mtu mpya huzaliwa kati ya kurasa mbili. Kila riwaya inaikosoa nyenzake. Maisha kamili ambayo Mkristo huahidiwa ng'ambo ya majaribu yana masharti mawili katika fasihi hii ya Nairobi: mteswa awe na nguvu za kuzaa kile alichokichukua tumboni, na wanaomzunguka wawe na ujasiri wa kusema ni nani aliyemtesa. Sharti la kwanza likikosekana, uchungu hauzai kitu. La pili likikosekana, mtoto anazaliwa, lakini risasi ya Kisumu inabaki ikimngoja.