Mizizi ya Kilatini na Maana ya Maneno

Kitabu cha Norman Lewis, Word Power Made Easy, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1949, chasifiwa kwa kuwa chawafundisha wasomaji wa Kiingereza kuyapasua maneno magumu na kuona viungo vyake vya Kilatini na Kiyunani. Sifa hiyo ni ya haki, ila mara nyingi hutolewa kwa sababu isiyo yake. Wengi hudhani ya kuwa Lewis ampa mwanafunzi ufunguo wa neno asilopata kulisikia. Sivyo. Yeye huanza na maana, huieleza kwa tabia za mtu wa namna fulani. Mzizi huja baadaye, ili maana iliyokwisha kujulikana isisahaulike. Mwalimu anakiliye ubaoni orodha ya mizizi na kuacha maelezo yaliyoitangulia ameibeba sehemu iliyo nyepesi.

Yatazamwe maneno 'egoist' na 'egotist'. Yote mawili yatokana na 'ego', yaani 'mimi' kwa Kilatini. Mtu wa kwanza hutanguliza faida yake. Wa pili hujitaja na kujisifu kila mara. Herufi 't' iliyozidi haimwambii msomaji tofauti hiyo, wala Kilatini hakina jibu.

Penye viambishi vya mwanzo hatari ni kubwa zaidi. 'In-' ya Kilatini ni mbili zilizofanana kwa sura tu: moja yakanusha, ya pili yaonyesha kuingia. 'Invisible' ni kisichoonekana. Lakini 'inflammable' latokana na kitenzi 'inflammare', kutia moto, na maana yake ni chenye kushika moto upesi. Mfanyakazi aliyekaririshwa ya kwamba 'in-' ni 'si' aweza kulisoma neno hilo juu ya pipa la petroli, kisha akawasha kiberiti bila wasiwasi. Kwa hofu hiyo, katika miaka ya 1920, chama cha Marekani cha kukinga moto, National Fire Protection Association, kilihimiza 'flammable' litumiwe badala yake.

Mswahili hana sababu ya kuwacheka. 'Kitabu' ni neno la Kiarabu, na 'k' yake ni konsonanti ya mzizi wenyewe, kama waonyeshavyo ndugu zake 'katibu' na 'maktaba'. Hata hivyo wasemaji waliichukua 'ki-' kuwa kiambishi cha ngeli, wakapata 'vitabu'. Mgeni akikata 'ki-' hiyo ili atafute maana, atabakiwa na tabu.