Usianzie Machoni

Ukitaka kupima picha ya mtu iliyochorwa kwa rangi za mafuta, usianzie machoni. Macho hata fundi wa kawaida huyamudu. Anzia kwenye nguo na mikono, ambako mchoraji mvivu hudhani hatazamwi.

Mtazame Juan de Pareja, aliyechorwa na Velázquez mjini Roma mwaka 1650. Picha iko Metropolitan Museum, New York. Sogelea ukosi wake wa lesi: huoni lesi, unaona madoa meupe yaliyopigwa haraka. Rudi nyuma hatua chache, lesi hiyo hapo. Mchoraji anayechora lesi tundu kwa tundu ana subira, basi.

Ngozi ndiyo mtihani mkubwa. Mchoraji dhaifu, akipewa mtu mweusi, huongeza rangi nyeusi kwenye kahawia, na uso ukazima kama sufuria yenye masizi. Pareja ana mwanga wa paji la uso, wekundu unaochemka chini ya kahawia, na ubaridi pale shavu linapoingia kivulini. Kagua na kingo: zote zikiwa kali sawasawa, kichwa huonekana kimebandikwa.

Nyufa ndogo za uzee si aibu. Nyufa pana kwenye sehemu za giza ni habari nyingine: mara nyingi tabaka la juu lilikauka haraka kuliko la chini, kwa sababu mchoraji alilinyima mafuta.

Sasa uliza mtu huyu alikuwa nani kwa mchoraji. Pareja alikuwa mtumwa wa Velázquez. Watu wa hali yake walizoea kuwekwa pembezoni mwa picha za mabwana, wakishika sinia, macho yao kwa bwana. Huyu yuko peke yake na anakutazama wewe. Lakini tusimsifu Velázquez kupita kiasi: heshima yote ile aliipaka akiwa bado anammiliki. Hati ya uhuru ilitiwa saini mwaka huohuo, kwa sharti la miaka minne zaidi ya utumishi.

Pareja mwenyewe akawa mchoraji. Katika picha yake ya mwaka 1661 ya wito wa Mtakatifu Matayo, iliyoko Prado, Madrid, amejichora ukingoni kushoto akishika karatasi yenye jina lake. Kiufundi haimfikii Velázquez. Ngozi yake, hata hivyo, ameifanya nyeupe kuliko alivyoipaka bwana wake, na kwa hilo inastahili kutazamwa muda mrefu zaidi ya ukosi.