Uwongozi na Msomaji wa Bara

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) ni miongoni mwa waliotangulia kuitumia nathari ya Kiswahili kuifikiri dini upya chini ya utawala wa Waingereza. Katika Sahifa, na baadaye katika Al-Islah iliyoanza mwaka 1932, aliwakemea Waislamu wa pwani kwa makosa mawili: kuiga desturi za Wazungu, na kuipuuza elimu iliyowapa Wazungu nguvu. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, mwaka 1944.

Mwamko huo ulikuwa na asili Misri, kwa Muhammad Abduh na Rashid Rida. Walakini wao waliwaandikia wasomaji wa Kiarabu kwa Kiarabu. Sheikh alichagua lugha ya nyumbani na sokoni. Uchaguzi huo wenyewe ni hoja: muumini hana budi kuifahamu imani yake.

Yafaa hoja hiyo ipimwe mbali na bandari. Mbulu na Hanang, zilizokuwa wilaya moja zama hizo, ni nchi ya Wairaqw na Wabarbaig, ambao lugha zao si za Kibantu. Huko Mwislamu husali kwa Kiarabu, hufundishwa kwa Kiswahili, na mama yake alimlea kwa lugha ya tatu. Katika Kiiraqw, Mungu wa jadi ni Looa, naye hutajwa kwa jinsia ya kike. Kiswahili hakibagui mume na mke katika viambishi vyake. Basi jambo ambalo lingestahili mjadala wa wanazuoni hupita kimya, kana kwamba halikuwapo.

Uwongozi haukumwazia msomaji huyo. Majonzi yake ni ya mji uliopoteza ardhi na cheo, na majonzi hayo si urithi wa mkulima wa Mbulu. Huo ndio upungufu wake. Hata tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyochapishwa mwaka 1969, ingawa ilimfungulia mlango kila ajuaye Kiswahili, ilimwacha nje asiyekijua.

Lakini kipimo kinachoonyesha upungufu huo kilitoka kwa Sheikh mwenyewe. Aliyekubali kwamba Kiarabu peke yake hakitoshi kumfahamisha Mswahili, atakataaje kwamba Kiswahili peke yake hakitoshi kumfahamisha Mwiraqw? Kumfuata Sheikh kwa haki, basi, ni kuvuka mpaka alipokomea yeye.